Kampuni ya usambazaji inanipa milioni 3, mkataba wa miaka 5. Nisaini?

Ngamiani Boy:
Wakuu, habari za saa hizi. Naimba, niko Tanga. Nina nyimbo sita, zote nimezipandisha mwenyewe kupitia DistroKid, huduma ya mtandaoni ya kusambaza muziki, ada nalipia kila mwaka. Moja imeshika kidogo Boomplay na Audiomack, bodaboda wa huku wanaipiga sana. Sasa kuna kampuni imenitafuta: advansi (malipo ya awali) ya milioni 3, wao wachukue asilimia 30 ya mapato, miaka 5, na nyimbo zangu za nyuma zote zihamie kwao. Mshikaji wangu anasema nisaini haraka kabla hawajaghairi. Mnaonaje?

Prodyuza Kirumba:
Mdogo wangu, usisaini wiki hii. Wengi wanaitazama hiyo 30, mimi naanza na hiyo milioni 3. Advansi ni deni, na linalipwa kutoka kwenye fungu lako, si lao. Nyimbo zikiingiza 100,000, wao wanabeba 30,000 yao, na ile 70,000 yako inakwenda kukata deni. Ili deni liishe, nyimbo ziingize kama milioni 4.3. Hapo wao wamerudisha milioni 3 na wana 1.3 juu, wewe hujaongezewa hata mia. Na kama gharama za promo nazo zinakatwa humo humo, deni linapanda. Wadai waandike kwamba hakuna gharama bila sahihi yako.

Halafu kisome kifungu cha muda taratibu. Mikataba niliyoletewa hapa studio, kadhaa inasema miaka fulani "au hadi advansi itakaporudi, lolote litakalochelewa". Wimbo usipouza, unabaki kwao tu. Angalia pia kama unawapa leseni ya kusambaza au unawahamishia masta, yaani umiliki wa rekodi yenyewe, kabisa. Masta usitoe, hata waongeze dau.

Za nyuma usiwape, umezigharamia wewe. Ikibidi zihame, nakili leo ISRC ya kila wimbo, ile namba ya kuitambua rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Wapandishe kwa ISRC zile zile, jina lile lile, faili lile lile, na usishushe za zamani mpaka mpya zionekane. La sivyo strimu zinaweza kuanza sifuri, na tangu 2024 Spotify hawalipi wimbo ambao haujafikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12.

Mtwapa Sound:
Kirumba amesema kweli. Uliza pia ni nani atashika Content ID ya YouTube, ule mfumo unaotambua wimbo wako kwenye video za watu wengine. Kama biti ulinunua mtandaoni na wengine wanayo, hairuhusiwi kuisajili huko. Na milio ya simu iandikwe kando. Huku Kenya wapo wasanii ambao Skiza, huduma ya milio ya Safaricom, inawalipa kuliko strimu, lakini wameigawa kwa kampuni ndani ya mkataba ule ule wa usambazaji bila kujua.

Ngamiani Boy:
Kaka Kirumba, nimekitazama. Kimeandikwa hivyo hivyo, "lolote litakalochelewa". Biti zote ni za prodyuza mmoja wa hapa Chumbageni, ila hatukuandikishana kitu.

Prodyuza Kirumba:
Basi anza na huyo wa Chumbageni kabla ya kampuni yoyote. Karatasi moja inatosha: jina la kila wimbo, asilimia yake na yako kwenye utunzi, masta ni ya nani, wote msaini mbele ya shahidi. Nasema hivi kama prodyuza. Wimbo ukiwa haujashika, hakuna anayeuliza; ukishika, ndipo simu zinaanza. Mkimaliza, zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kampuni nayo uwaandikie masharti yako: nyimbo mbili mpya, mwaka mmoja, asilimia 15, ripoti kila baada ya miezi mitatu, advansi hutaki. Wakikataa, nyimbo zako ziko hewani tayari. Angalia tu tarehe ya ada yako ya DistroKid, maana ukiacha kulipia zinashushwa.

Ngamiani Boy:
Shukrani kaka. Jioni hii naenda Chumbageni.