Mjadala: Je, aina ya dripu ina uzito gani kwa mgonjwa wa mshtuko wa sepsisi?

Mtoa hoja: Mgonjwa ambaye maambukizi yamemwenea mwilini hadi presha ikaporomoka huhitaji dripu upesi, nami nashikilia kwamba iwe Ringa laktati, si maji ya chumvi. Lita moja ya maji ya chumvi ina milimoli 154 za kloridi, ilhali majimaji ya damu yana takriban 100. Ukimwekea lita kadhaa, asidi hupanda katika damu na figo zilizokwisha kuelemewa huzidi kuelemewa. Katika utafiti wa SMART wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, waliokufa au kupata madhara makubwa ya figo walikuwa asilimia 14.3 kati ya waliopewa dripu zenye uwiano, yaani zile ambazo chumvi zake zinakaribia za damu, kama Ringa, na asilimia 15.4 kati ya waliopewa chumvi.

Mpinzani: Tofauti hiyo ni nyembamba. Utafiti wa PLUS wa Australia na New Zealand, mwaka 2022, ulikuta vifo vya asilimia 21.8 kwa dripu zenye uwiano na 22.0 kwa chumvi. Dripu ninayoikataa bila kusita ni ya wanga, ambayo katika utafiti wa 6S mwaka 2012 iliandamana na vifo vya asilimia 51, dhidi ya 43 kwa Ringa asetati, aina nyingine ya dripu yenye uwiano. Kwa hizi nyingine, kinachonisumbua ni ujazo. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi, wa mwaka 2021, unapendekeza angalau mililita 30 kwa kila kilo ya uzito katika saa 3 za mwanzo, yaani mililita 1,800 kwa mtu wa kilo 60; lakini nchini Zambia, katika utafiti wa watu wazima 212, wengi wao wakiishi na VVU, utaratibu wa kumimina maji mengi mapema uliishia na vifo vya asilimia 48.1, dhidi ya 33.0 kwa huduma ya kawaida. Kabla ya kutundika chupa nyingine, ndugu yangu, bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa kwa sekunde 10, kisha uiachie: rangi ikirudi ndani ya sekunde 3, pengine mwili haudai maji tena.

Mtoa hoja: Kuhusu ujazo nakubali, ingawa wagonjwa wale wa Zambia hawafanani na wa kila wodi. Hata hivyo, chupa ya pili na ya tatu zinapohitajika kweli, kloridi hujumlishika, na mwongozo huohuo unaegemea dripu zenye uwiano, japo kwa ushahidi dhaifu. Chumvi nitamwachia aliyeumia ubongo, kwa kuwa utafiti wa BaSICS wa Brazil, mwaka 2021, ulionyesha vifo vingi zaidi kwa wagonjwa wa aina hiyo walipopewa dripu zenye uwiano.