Kuchora Mji Mkongwe bila kuzongwa na watu

Wakuu, habarini. Nachora kwa rangi za maji vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja. Wapita njia hunizunguka, watoto hugusa rangi. Nifanyeje bila kuwakwaza?

JIBU 1
Tafuta baraza, piga hodi kwa mwenye nyumba kwanza, kisha keti mgongo ukutani. Asiyeweza kusimama nyuma yako hatakusumbua sana. Kisahani cha rangi kiwe upande wa ukuta. Maswali mengi huja wakati mbaya, yaani ukitandaza rangi ya anga: ukisimama nusu dakika tu, ukingo unakauka na kuacha mstari usiofutika. Salamu itikia papo hapo, macho yakiwa kwenye karatasi, kisha sema, “Nisubiri kidogo, rangi isinikaukie.” Ukimaliza kutandaza, geuka uongee nao vizuri. Wanastahili, mtaa ni wao.

JIBU 2
Watoto wape kazi. Kata A4 vipande vinne, beba penseli sita. Wachore mlango uleule unaouchora wewe.

Kwa wanaotumia rangi za mafuta: tapentaini isikae kabisa kwenye chupa ya soda, mtoto ataidhania kinywaji. Tumia kopo la chuma lenye kifuniko cha kukaza.

JIBU 3
Nyongeza: usichore sura ya mtu bila ruhusa yake, hasa akina mama barazani. Akikataa, chora kivuli cha mlango, inatosha. Na bei ya mchoro, kwa atakayetaka kuununua, ipange kabla hujatoka nyumbani. Ukiitaja kwa kubabaika, mtateta hadi jua lihame na vivuli vyote vibadilike.