Baba kastaafu, wanamtaka aweke mkupuo kwenye vizimba vya sato. Naomba ushauri

Binti wa Mwalimu (Nyegezi)

Wakuu, habari za jioni. Baba amestaafu ualimu kule Sengerema akiwa na miaka 60. Mkupuo wake, yaani mafao anayolipwa kwa pamoja, kutoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, umeingia benki juzijuzi tu, na simu zimeshaanza. Kwanza alipiga mtu anayejiita ofisa wa mfuko. Alilijua jina lake lote na shule ya mwisho aliyofundisha, akasema kuna mapunjo ya mafao, atume 180,000 ya kufungulia faili. Mama akamnyang'anya simu, ikaishia hapo.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mwanafunzi wake wa zamani amemletea mradi wa kufuga samaki aina ya sato kwenye vizimba ziwani: unaweka milioni 10, unalipwa milioni moja na nusu kila mwezi kwa mwaka mzima, kisha mtaji unarudishiwa wote. Wamempeleka Luchelele, wakampandisha mtumbwi, akaonyeshwa vizimba na kumshika sato kwa mkono wake. Wana cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wana TIN, na mkataba una muhuri wa wakili. Mwalimu mwenzake ameshalipwa mara mbili. Nikimkanya baba ananiambia simtakii maendeleo. Nimwambie nini anielewe?

Mlishaji wa Vizimbani

Dada, kazi yangu ni hiyohiyo ya vizimba. Alfajiri tunaingia ziwani, tunaopoa waliokufa, tunawahesabu, ndipo tunalisha. Kwa hiyo naomba mzee anisikilize kwenye jambo moja.

Kifaranga cha sato kinakaa kizimbani miezi sita mpaka minane ndipo kifikie saizi ya kuuzwa. Muda wote huo ni kutoa tu: walinzi, nyavu, mafuta ya mtumbwi, na chakula, ambacho ndicho kinachomeza fedha kuliko vyote. Hakuna shilingi inayoingia. Sasa huyo mwalimu aliyelipwa mwezi wa kwanza alilipwa kwa samaki yupi? Kalipwa kwa hela ya aliyejiunga baada yake, au hela yake mwenyewe imekatwa kipande akarudishiwa. Milioni moja na nusu mara mbili ni tatu. Saba bado wanazo wao, na yeye ndiye anayewatangazia mradi bure kwa walimu wenzake.

Halafu ziwa halina mshahara. Kuna siku maji yanabadilika, hewa inapungua chini, unafika asubuhi unakuta samaki wameelea tumbo juu. Mwenye mradi wa kweli siku hiyo analia. Anayekuahidi kiasi kilekile kila mwezi hajawahi kulala ziwani.

Na hivyo vizimba alivyoonyeshwa, vinaonekana na kila anayepita na mtumbwi. Mrudishe mzee Luchelele siku ya kazi, bila kumwarifu huyo kijana. Waulizeni walishaji mtakaowakuta: nani anawalipa? Kisha mpitie kwa ofisa uvuvi wa halmashauri muulize hivyo vizimba ni vya nani na kibali kina jina gani. Samaki alimshika kweli, sikatai, lakini alikuwa samaki wa nani?

Mhasibu Mstaafu (Bwiru)

Binti, nakuunga mkono, na mzee mpe shikamoo yangu. Cheti cha BRELA kinasema kampuni imesajiliwa, basi. TIN ni ya kodi. Muhuri wa wakili unashuhudia saini, haushuhudii faida. Kupokea amana za watu kunahitaji leseni ya Benki Kuu. Kukusanya fedha kutoka kwa watu kwa ajili ya uwekezaji ni shauri la CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mwambie huyo kijana alete hiyo karatasi. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza, mzee aende mwenyewe kuuliza.

Rika letu tunaikumbuka DECI, ule upatu ulioanguka mwaka 2009. Watu "walipanda mbegu", na waliotangulia walivuna kwelikweli. Hicho ndicho kilichowavuta waliofuata.

Kama anataka hela izae, kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Unaanzia milioni moja, na riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Haifiki hata robo ya ahadi ya huyo kijana, ndiyo maana naiamini.

Aliyetaka 180,000, mfuko hauombi hela ili ukulipe mafao yako. Namba yake itumeni kwa meseji kwenda 15040, ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na mzee asimtajie mtu namba ya siri wala namba ya NIDA kwenye simu, hata kama anayepiga anazijua habari zake zote.

Binti wa Mwalimu (Nyegezi)

Asanteni sana. Hilo la samaki yupi nimemsomea baba, akanyamaza, kisha akaniuliza ofisi ya uvuvi inafunguliwa saa ngapi. Tunaenda wote. Je, huyo mwalimu mwenzake aliyekwisha kutoa hela, afanyeje?

Mhasibu Mstaafu (Bwiru)

Aache kuleta wengine kuanzia leo. Aandike barua ya kudai mtaji wake, abaki na nakala iliyosainiwa, kisha aende polisi na mkataba, risiti na meseji zote za miamala. Asingojee malipo ya mwezi wa tatu ndipo aende.

Mlishaji wa Vizimbani

Dada, mkifika Luchelele fikeni kabla ya saa mbili asubuhi. Wakati huo walishaji wote wapo.