Naombeni ushauri: nataka kuingiza supu ya mifupa ya pakiti kutoka Afrika Kusini

Mama Zawadi
Wakuu, habari za muda huu. Nina duka la viungo na nafaka Temeke, mwaka wa sita sasa. Mdogo wangu anaishi Johannesburg. Desemba alikuja na pakiti kumi za supu ya mifupa ya ng'ombe, ile ya maji kabisa, siyo unga wala vidonge. Unakata, unapasha, unakunywa, na inakaa mwaka mzima nje ya friji. Nikawaonjesha wateja, wiki hiyohiyo wakaanza kuulizia nyingine, hasa wazee na waliojifungua.

Kiwanda kiko tayari kuniuzia pakiti 1,200 za nusu lita. Nikipiga hesabu ya rand, kila moja ni kama shilingi 4,800 palepale kiwandani. Nimepanga kuuza 12,000. Wanataka nusu ya hela ndiyo wachape lebo yangu, na kwenye lebo nataka iandikwe "Inarudisha ute wa magoti", maana hicho ndicho wateja wanachofuata.

Naanzia TBS, wale wa viwango, au TMDA, wale wa dawa? Kuna kibali gani kingine? Na hiyo nusu nilipe? Mume wangu anasema nilipe kabla rand haijapanda. Matusi sitaki, nina presha.

Mchuuzi wa Tandika
Supu ya 12,000? Huku kwetu bakuli na chapati mbili ni 3,500, limao na pilipili bure. Ngoja nikae nisome wanaojua.

Forodha Mstaafu
Dada, usilipe. Mwambie shemeji rand ikipanda utapoteza kidogo, mzigo ukikwama utapoteza wote.

Masuala ya chakula yalihamia TBS mwaka 2019. Iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo TBS ndiko unakosajili bidhaa yenyewe na pia duka au ghala utakapoiweka. Wengi wanaishia hapo wanadhani wamemaliza. Hii yako imetoka kwa mnyama, kwa hiyo unahitaji kibali cha kuingiza kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na unakipata KABLA mzigo haujapakiwa. Kibali kinakuja na masharti, halafu daktari wa mifugo wa serikali ya kule anatoa cheti cha afya kinachojibu masharti hayo. Ukianza na mzigo ukamalizia na kibali, cheti kitajibu masharti gani?

Kuna pia PVoC: mawakala waliopewa kazi na TBS wanakagua mzigo hukohuko nje, wanatoa cheti cha ulinganifu, yaani kwamba bidhaa inafikia viwango. Usikubali kuambiwa "tutamaliza bandarini".

Niliwahi kushughulikia mzigo wa soseji wa mtu aliyeniapia kibali "kiko mezani". Kontena la baridi, tozo kila siku inayopita. Mwishowe ziliteketezwa, na gharama ya kuziteketeza alilipa yeye.

Kuhusu ushuru, supu ziko kichwa cha 2104 katika kitabu cha ushuru. Mwambie muuzaji aandae cheti cha asili cha SADC, kinachoonyesha bidhaa imetengenezwa nchi mwanachama, kinaweza kukupunguzia ushuru. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 4,800 yako tu, inapigwa baada ya kujumlisha nauli, bima na ushuru.

Daktari wa Ng'ombe
Mstaafu kamaliza karibu yote. Naongeza mawili.

La kwanza, Afrika Kusini imekuwa ikipata milipuko ya ugonjwa wa miguu na midomo. Supu iliyopikwa kwa joto kali la kiwandani haibaki na virusi hao, lakini afisa hakuliona jiko, anaona karatasi. Omba kiwandani rekodi ya joto na muda wa kupikia. Na siyo kwa ajili ya afisa tu. Supu haina uchachu na ndani ya pakiti hakuna hewa, ndiyo makazi anayoyapenda bakteria wa botulizimu, mwenye sumu inayoweza kuua. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka kwa kawaida, ndiyo maana viwanda vinapandisha joto hadi nyuzi 121 hivi kwa mgandamizo. Pakiti ikivimba usiionje, hata kwa ncha ya ulimi.

La pili, futa "ute wa magoti". Ukiandika kwamba inatibu, umetoka kwenye chakula umeingia kwenye dawa, na hapo maswali yanabadilika. Isitoshe si kweli. Kolajeni, ile protini ya kwenye mifupa, ikifika tumboni inameng'enywa kama protini ya nyama au maharage, haina njia ya mkato hadi gotini. Andika "supu ya mifupa ya ng'ombe", viambato, uzito, tarehe, jina lako na la mtengenezaji, basi. Na angalia chumvi: kiwango cha Codex, vile viwango vya kimataifa vya chakula, kwa supu za aina hii ni gramu 12.5 kwa lita, isizidi. Wewe mwenyewe umesema una presha.

Mpemba Mtulivu
Ukipata wateja wa hoteli za huku Zanzibar, usijibebee tu kwa boti. Huku kuna ZFDA, wakala wetu wa chakula na dawa, na usajili wa bara haukuvushi.

Bint Kariakoo
Mama Zawadi, hesabu yako inaishia kiwandani. 1,200 mara 4,800 ni 5,760,000, na bado hujasafirisha. Umeweka wapi nauli, maabara, wakala, usajili? Supamaketi watakwambia mali kauli: ziuzwe kwanza, ulipwe baadaye, zikibaki urudishiwe zikiwa zimebakiza mwezi. Mimi niliuziwa ndoto ya namna hiyo kwa juisi. Tulikunywa nyumbani mpaka watoto wakaikimbia.

Mzee wa Vingunguti
Wanangu, kilo mia sita za maji zitoke Johannesburg, wakati mifupa naiona hapa machinjioni kila alfajiri? Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho uende nayo TBS kama mjasiriamali mdogo. Mashine ya nyuzi 121 huna, sawa, basi uza iliyogandishwa kwa wateja walewale wa Temeke.

Mama Zawadi
Asanteni wote, nimesoma na mume wangu kanyamaza. Leo mdogo wangu kaenda kiwandani kuomba rekodi ya joto. Wamemwambia ni siri ya kampuni. Hela haijatoka.

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo mifupa mnauza kwa kilo au kwa kiroba?

Mzee wa Vingunguti
Marahaba. Kiroba. Njoo kabla ya saa kumi na mbili, wauza supu wakishapita hukuti mfupa wa paja.