Leza, mwanga ama dawa kwa ngozi ilokakamaa? Naomba walofanya waniambie

Ummu_Kisauni
Asalaam alaykum jamani. Dadangu ana sklerodema, ule ugonjwa wa ngozi kukaza. Ilianza na vidole, akishika maji ya baridi ama akiingia duka lenye AC vinafifia rangi vinakuwa kama vya maiti kisha vinauma, sasa ngozi ya mikono imekaza mpaka ngumi haikunji na mdomo umejivuta, kijiko cha wali hakiingii anatumia cha chai. Kifuani ngozi imekuwa chumvi na pilipili, meupe yenye vidoti vyeusi, majirani wanasema mbalanga. Kuna kliniki ya urembo hapa mjini imemwambia wampige leza ya CO2 atalainika, wanataka nusu ya pesa na hata vipimo hawajaangalia. Daktari wa jointi yeye asema metotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Mwengine katwambia tiba ya mwanga. Tuanze na ipi, maana zote hatuziwezi.

Tudor_kwetu
Pole mamii. Mimi yangu ni mofia, ile sklerodema ya mabaka kwenye ngozi tu, liko pajani na mbavuni, haiingii mapafuni. Watu wanazichanganya sana na matibabu si mamoja. Kwa mabaka mwanga umenisaidia, nilifanyiwa PUVA, unameza dawa ya soraleni halafu unasimama ndani ya mashine, na hiyo siku unavaa miwani ya jua hadi jioni. Ulio mzuri zaidi ni mwanga wa UVA1 kwa sababu unazama ndani kuliko ule wa UVB lakini mashine zake ni adimu. Baka langu limelainika ila limebaki jeusi, hilo nakwambia kabisa usije ukashtuka. Kwa dadako mwanga wa ngozi pekee hautoshi, ugonjwa wake uko mwili mzima.

Binti_Majengo
Mimi nina sklerodema kama yeye na leza nshafanya, Nairobi, nilipanda treni nikenda. Lakini si CO2, ni ile ya kupiga vimishipa vyekundu usoni, na mimi ngozi yangu nyeupe. Vilipungua sana nikarudi kupiga picha za harusi za watu bila kujificha, japo vingine vimerudi. Kwa hivo si kila leza ni wizi. Leza ziko aina nyingi na kila moja na kazi yake, ile ya vimishipa hailainishi ngozi hata kidogo.

Fizio_Bamburi
Binti kasema kweli. CO2 inatoboa vishimo vidogo vidogo kwenye ngozi, mwili ukiviziba unavunja kolajeni ya zamani, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, na kuipanga upya. Kwenye sklerodema tatizo ni hiyo kolajeni imezidi, kwa hivo wazo lenyewe si la kijinga, kuna wagonjwa waliofanyiwa mdomoni wakaweza kufungua zaidi. Ila walioandikwa ni wachache, na ngozi zetu nyeusi zikichomwa zinaacha madoa, wengine kovu linaota likawa kubwa kuliko shida yenyewe. Na kama ugonjwa bado uko hai unalainisha leo unakaza tena mwezi ujao. Mimi ningesema leza ije mwisho, ngozi ikishatulia, na ifanywe na daktari wa ngozi mwenye kuzoea ngozi nyeusi, aanze na kipande kidogo.

Mazoezi ya mdomo asingoje pesa. Apishanishe vidole gumba, cha kulia pembe ya kushoto na cha kushoto pembe ya kulia, avute taratibu ahesabu kumi, kila siku asubuhi na jioni. Mikono kwenye maji ya uvuguvugu kisha akunje na kunyoosha kila kidole. Akiwa na kidonda kwenye ncha asikiloweshe.

Baba_Zuu
Mke wangu anaugua hii. Kabla ya leza yoyote hizo pesa zipimwe nazo mapafu na moyo, CT ya kifua na eko, ile picha ya moyo, kwa sababu ngozi ndo inaonekana lakini kinachoua ni ndani. Presha apime mara kwa mara, ikipanda ghafla na kichwa kinamuuma mkimbizeni hospitali usiku huohuo, figo hizo. Na asinunue prednisoloni, ile steroidi, dukani ati ya kulainisha, dozi kubwa ndo inaweza kuamsha hiyo shida ya figo. Kwa vidole wake anatumia nifedipini, dawa ya kufungua mishipa ya damu, na glovu, hata hapa Mombasa, msimu wa kusi asubuhi kuna baridi kwake.

Ummu_Kisauni
Allah awajazi kheri nyote. Kliniki nimewapigia nimewaambia hatuji. Swali moja, kaolewa juzi juzi na wanataka mtoto, hiyo metotreksati vipi?

Fizio_Bamburi
Amwambie daktari kabla hajameza hata kidonge kimoja. Hiyo inaharibu mimba, na mikofenolati ambayo wengine hupewa pia inaharibu, kwa hivo wapange uzazi kwanza na daktari ndo atasema aache lini. Akianza, ni MARA MOJA KWA WIKI si kila siku, watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, achague siku, tuseme Ijumaa, aiandike kwenye boksi la dawa kwa kalamu nene. Apewe na foliki asidi, na damu ipimwe kuangalia ini.