Mrejesho: Timu yetu ya chuo na mitupo isiyoingia

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini timu ya mpira wa kikapu ya chuo ninayosaidia kuifundisha inakosa mitupo mingi kiasi kile, nanyi mkanishauri nichunguze aina ya mitupo kabla sijalaumu mikono ya wachezaji. Nawashukuru sana, kwani mlikuwa sahihi.

Nilirudia video za mechi na kuweka alama mahali ulipotokea kila mtupo. Mingi ilirushwa hatua moja tu ndani ya mstari wa pointi tatu, ule ulio mita 6.75 kutoka kikapuni (nje yake mtupo ni pointi tatu, ndani ni mbili), huku mkono wa mlinzi ukiwa usoni pa mrushaji na muda wa kushambulia ukiwa bado upo. Hapo ndipo tulipokuwa tukiumia: anayefunga mtupo mmoja kati ya mitatu kutoka nje ya mstari hupata pointi sawa na anayefunga nusu ya mitupo yake ya pointi mbili, kwa hiyo mtupo mrefu wa pointi mbili una ugumu unaokaribia ule wa nje bila malipo yake.

Sasa tunataka mpira uingie kwanza karibu na kikapu, kisha utolewe kwa mrushaji aliyekwisha kupanga miguu. Mchezeshaji wetu, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, aliyezoea kurusha huku ameegemea nyuma, juzi alisita, akatoa pasi pembeni, na mwenzake akafunga; nilifurahi mno. Mitupo huru, ile ya bila kuzuiwa inayotolewa baada ya faulo, bado inatusumbua, hasa miguu inapochoka, na hiyo ndiyo kazi ya mazoezi ya wiki hii.