Kijana wa mashua za tanga na wakala wa vyuo vya Marekani

Mjomba wa Matondoni
Asalaam aleikum wanabaraza. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha nne hapa Lamu, muhula uliopita kapata B+. Lakini bahari ndiyo anayoijua hasa. Tangu ana miaka saba anashika demani, kamba ya tanga. Siku hizi ndiye tunayempa usukani tukibisha dhidi ya upepo kwenda Shela kusi imekaza. Sasa kazuka wakala, ati vyuo vya Marekani vinasaka vijana wa tanga, tumpe 85,000 atengeneze video na wasifu wa mashindano. Nikamwambia mtoto hana hata cheti kimoja cha mashindano. Akacheka: "Karatasi niachie mimi, mzee." Cheko hilo limeninyima usingizi, na dada keshaanza kuuliza bei ya mbuzi sokoni. Nifanyeje?

Bi Mkunguni
Kaka, mbuzi wabaki zizini! Karatasi za namna hiyo ndizo zilizolipua kashfa ya 2019 ya kuingiza watoto vyuoni kwa hongo kule Marekani. Wakala mmoja, Rick Singer, alikuwa akiwauza watoto wa matajiri kama wanamichezo. Kocha wa tanga wa Stanford, John Vandemoer, alikiri kosa: zaidi ya dola 600,000 ziliingia kwenye timu yake, ingawa mfukoni hakutia. Watoto wa kubandikwa ubaharia!

Mwalimu wa Hesabu, Malindi
Kweli, na kuna jambo wakala hakuwaambia. Mashindano ya tanga ya vyuo yako chini ya ICSA, chama cha tanga cha vyuo, si NCAA inayosimamia michezo mingi ya vyuo, na hayana ufadhili wa michezo. Harvard na Yale nao hawalipi mtu kwa ajili ya mchezo. Msaada wanautoa kwa kuangalia shida ya familia, hata kwa mgeni. Kocha anachoweza ni kumsemea kijana, na neno lake ni zito: kwenye kesi ambayo Harvard ilishtakiwa juu ya namna inavyochagua wanafunzi, ilibainika kwamba wanamichezo walioitwa na makocha walikubaliwa kama 86 kwa kila 100, wengine hawafiki 10. Kumwandikia kocha hakuna malipo. Alama azipandishe, hizo ndizo zake.

Mjomba wa Matondoni
Nimemwomba wakala anitajie kocha mmoja tu. Tiki mbili za buluu, kimya tangu juzi.

Ila hiyo 86 imenichoma kuliko wakala. Mtoto wa klabu ana kijimashua chake, ana kocha, kila shindano limeandikwa. Letu likiisha tunakula pilau, na mshindi anabaki midomoni mwa wazee. Jana nimemkalisha barazani aandike mwenyewe. Kaanza na namna ya kugeuza foromali, ule mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti bila kulowesha abiria. Nimemwambia asifute.

Aliyewahi kuandikiana na makocha hao: kijana asiye na matokeo ya kuonyesha aambatishe nini?